Tumewahesabu vinyonga hadi wakaisha? Naomba maoni ya wadau

#1 Mwenda_Kilimani

Habari zenu wadau. Niko Kasese, magharibi mwa Uganda, kule juu ambako mashamba yanaisha na msitu wa Rwenzori unaanza. Mwaka huu nilipata kibarua cha usiku: kubeba tochi na daftari kwa wageni waliokuja kuhesabu vinyonga, hasa wale wakubwa wa pembe tatu.

Kwa asiyewahi kumwona kinyonga amelala: mchana anaweza kuwa mbele ya pua yako usimwone. Usiku anajianika mwenyewe. Anapanda hadi ncha ya kijitawi, chembamba kiasi kwamba nyoka akikipanda kitatikisika na kumwamsha. Anaukunja mkia kama ile dawa ya mbu ya kuwasha, halafu rangi inamtoka. Ukimulika, anang'aa kama karatasi iliyonasa kichakani.

Usiku wa kwanza tulipata 31 kwenye njia ya kama kilomita moja. Baada ya siku tatu, njia ileile, 12. Baada ya kama mwezi nikarudi na binamu yangu, bila wageni, tukapata 4.

Kila aliyepatikana alitolewa tawini, akapimwa kwa rula toka puani hadi mkiani, akatiwa kwenye mfuko wa kitambaa akapimwa uzito, akarudishwa. Wageni walikuwa wastaarabu, sina neno baya juu yao. Ila namba zile zinaninyima usingizi. Ni sisi tuliowafukuza? Na kuna namna ya kuwafuatilia wanyama hawa bila kuwadhuru wala kuvuruga wanapoishi?

[Nimehariri: nimeondoa jina la njia na la daraja, ona #6]

#2 Ggonya_Mkuu

31, 12, 4. Hesabu ikiendelea hivyo, mwezi ujao kinyonga ndiye atakuwa anakudai wewe. Nimevuta kiti, karanga ninazo.

#3 Mama_Kahawa

Pole mwanangu. Kabla hujajilaumu, angalia nini kingine kilitokea mwezi huo. Sisi huku chini tulivamiwa na yule mdudu mweusi anayetoboa vijitawi vya kahawa. Ushauri tuliopewa ni kukata kila kijitawi kilichonyauka na kukichoma moto. Tumekata, tumechoma. Sasa wewe umesema kinyonga analala wapi? Kwenye ncha ya kijitawi. Mimi sijawahi kukagua tawi kabla ya kulitupa motoni, na leo ndiyo mara ya kwanza nawaza jambo hilo.

Halafu wapo waliopiga dawa. Kinyonga hali kahawa, anakula wadudu. Wadudu wakiisha atafanya nini pale?

#4 Kinu_cha_Jinja

Samahani, mliwashika kwa MKONO? Kwetu kinyonga akikatiza njia mtu anarudi nyumbani, safari imekufa. Wewe umewapima 31 kwa usiku mmoja halafu unashangaa huna usingizi.

#5 Daktari_Feki

(Jina ni utani, niko mwaka wa tatu biolojia, Kampala.)

Mleta mada, swali moja tu: usiku wa kwanza mlikuwa wangapi, na ule wa mwisho? Kama wa kwanza mlikuwa na tochi sita na wa mwisho mbili, hujalinganisha vinyonga, umelinganisha tochi. Watu wa kazi hii hawaandiki "tumeona 31". Wanaandika tumeona wangapi kwa kila saa ya mtu mmoja anayetafuta.

Na tuwekane sawa kidogo. Kinyonga wa pembe tatu wa Rwenzori hayumo kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Wapo ndugu zake wa milima hiyohiyo wenye makazi madogo zaidi, kama yule wa pua ya ajabu anayeonekana kama amebandikwa kijiko usoni, hao ndio wa kuangalia kwa karibu. Lakini swali lako ni zuri hata hivyo. Tathmini kubwa ya dunia iliyotoka 2022 ilipitia spishi 10,196 za reptilia ikakuta 1,829 ziko hatarini, yaani moja katika kila tano. Kwa mamba na jamii ya kobe ni kama nusu.

#6 Shemeji_wa_Arua

Kijana, futa hilo jina la njia SASA HIVI. Umeandika hadi daraja la kuanzia. Kinyonga wa pembe tatu ni bidhaa, kuna watu Ulaya na Marekani wanawafuga sebuleni kwenye visanduku vya kioo. Kisheria mpaka awe na kibali cha CITES (ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini) ndipo avuke mpaka, lakini mwizi haombi kibali. Anachohitaji ni mtu kama wewe amwambie aanze wapi kumulika.

Maelezo yangu juu ya 31, 12, 4: kuna mtu aliwafuata nyuma.

#7 Mwenda_Kilimani

Nimefuta, asante shemeji. Sikuliwaza hilo kabisa.

Daktari, usiku wa kwanza tulikuwa sita. Wa pili watano. Wa mwisho mimi na binamu. Na nikiri jambo: usiku wa kwanza tulikuwa na mtoto wa jirani, miaka 12, macho ya mwewe. Anasema "yule" na sisi tunamulika dakika mbili hatujamwona. Nadhani zaidi ya nusu ya wale 31 ni wake. Usiku wa pili mama yake alimkatalia, kesho yake shule.

#8 Ggonya_Mkuu

Uzi umeisha. Vinyonga wapo wote, aliyetoweka ni mtoto.

#9 Daktari_Feki

Usicheke, #8, ndivyo inavyokwenda. Watafutaji wawili njia moja usiku mmoja wanaweza kutofautiana mara mbili. Lakini haielezi yote. Toka 31 hadi 12 kwa kukosa mtu mmoja tu? Nina shaka.

Kuhusu kuwashika: kumgusa mara moja hakumuui. Tatizo ni namna. Ukimvuta kinyonga toka tawini, yeye hakubali, amekaza miguu minne na mkia. Kucha zinaumia. Unatakiwa uweke kidole mbele yake apande mwenyewe, na ukimrudisha arudi tawi LILELILE. Mliwarudisha wapi?

#10 Mwenda_Kilimani

Tawi la karibu. Giza, mvua, watu wamechoka. Wengine niliwarudisha mimi. Sitadanganya kwamba ni lilelile.

#11 Nakku_Ndoo

Basi hapo. Umemwamsha mnyama wa mchana saa nne usiku, umemuweka kwenye tawi asilolichagua, nene labda, nyoka anapanda bila kutikisa kitu. Na kama ni jike lenye mayai? Wale wa pembe tatu hushuka chini kuchimba udongo na kutaga. Watu sita wenye gambuti kwenye njia moja, mara mbili kwa wiki. Mimi nasema mliwasumbua wakahamia juu zaidi ambako tochi haifiki.

Au mwezi. Usiku wa kwanza kulikuwa na mbalamwezi? Kukiwa na mwanga, kile cheupe hakijitengi vizuri na majani.

#12 Ggonya_Mkuu

Hoja ya mwezi imekufa yenyewe. Kati ya hesabu ya kwanza na ya tatu kuna mwezi mmoja, na mwezi ukizunguka siku 29 na ushee unarudi palepale. Giza lilikuwa sawasawa.

#13 Mwenda_Kilimani

Nimesema "kama mwezi". Zilikuwa wiki tano na siku mbili. Na usiku ule wa mwisho kulikuwa na mbalamwezi, nakumbuka kwa sababu binamu alizima tochi kuokoa betri tukawa tunatembea hivyohivyo.

#14 Ggonya_Mkuu

Hoja ya mwezi imefufuka. Naomba radhi kwa mwezi.

#15 Mzee_wa_Boti

Nimesoma yote. Mimi nilifanya kazi kwenye boti za watalii za Murchison, mto Nile, miaka mingi, kutoka Paraa hadi chini ya maporomoko, na nitawaambia kuhusu mamba kwa kuwa jambo ni lilelile.

Mamba jike akishataga anafukia mayai mchangani na kukaa juu yake au kivulini karibu, karibu miezi mitatu. Hapati kula vizuri kipindi hicho, anabaki kuwa askari. Sasa boti inakuja. Watalii wanataka picha, nahodha anasogeza pua ya boti hadi ukingoni, injini inanguruma. Jike anavumilia, anavumilia, halafu anateleza majini. Watu wanapiga makofi. Boti inaondoka. Mimi niliyekuwa nyuma ya boti ndiye naona kilichobaki: kenge anatoka kwenye matete, hana haraka hata kidogo, anaanza kuchimba. Nimemwona kenge na yai mdomoni kabla hatujakata kona.

Hili si jipya. Kuna Mwingereza, Hugh Cott, aliyeandika mwaka 1969 kuhusu watalii na mamba wa Murchison, akasema mambo hayohayo: jike akifukuzwa na boti, kenge na nyani wanakula kiota. Kichekesho ni kwamba huyohuyo Cott miaka ya 1950 alichunguza mamba wa Uganda kwa kuwapasua, mamia, aone tumboni kuna nini. Nyakati zilikuwa hivyo.

Kwa hiyo mleta mada, usijione mchawi. Hata anayetazama tu anaharibu kama hajui asimame wapi.

#16 Kaka_Tanga

Heshima yako mzee. Nasoma toka Tanga. Nimefurahi kuona Waganda mnamwaga Kiswahili hivi, ule uamuzi wa baraza lenu la mawaziri wa 2022 wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi umeanza kuzaa matunda.

Swali la mgeni: mamba mnahesabuje bila kuwakaribia?

#17 Mzee_wa_Boti

Usiku, kwa tochi kali, boti ikiwa mbali na polepole. Jicho la mamba linarudisha mwanga, jekundu kama kaa la sigara. Unahesabu makaa. Ukiweza kuona kichwa chote unakadiria na urefu: kichwa kinaingia kama mara saba kwenye mwili mzima. Ukiona jicho tu unaandika "jicho tu", hukisii. Mchana tunahesabu waliojianika, lakini waliozama huwezi kuwajua, kwa hiyo hesabu ya mchana daima ni pungufu. Hesabu ya kutoka angani kwa ndege hali kadhalika.

#18 Ggonya_Mkuu

Mimi ni wa ukoo wa Mmamba na natangaza maslahi: sisi hatuli mmamba.

#19 Kaka_Tanga

Nani anakula mamba kwani??

#20 Ggonya_Mkuu

😂 Kaka, mmamba kwa Kiganda ni samaki, yule kambare mamba anayejizika kwenye tope. Mamba unayemjua wewe sisi tunamwita ggonya. Sasa soma jina langu upya.

#21 Kinu_cha_Jinja

Na kuna nyoka mamba. Mtu akipiga kelele "mamba!" ziwani hujui ukimbie, uogelee au ulete sufuria.

#22 MwanaPakwach

Turudi kwenye mada, mimi nina la kobe. Wale wa majini wenye ganda laini kama ngozi ya begi.

Huku Nile ya Albert wananasa kwenye ndoano za kamba ndefu tunazotega usiku. Zamani baba alikuwa anakata uzi tu na kumwacha aende na ndoano kooni, hakuna aliyetaka kuumwa, shingo yake ni ndefu inakufikia ulipodhani uko salama. Halafu wakaja watu na picha zilizochapishwa, wanakaa na wavuvi chini ya mwembe, wanauliza: huyu umemwona? Na huyu? Lini? Hakuna aliyetega hata mtego mmoja. Ilikuwa kuuliza tu, na baadaye wakaomba tukimpata tupige picha tumwachie.

Kumbe mmoja wao, yule wa Nubia, yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa, hatua ya mwisho kabla ya kutoweka porini. Kwa miongo mingi wataalamu hawakuwa wamemwona akiwa hai mtoni, hadi walipoanza kuuliza wavuvi upande wa Sudan Kusini. Wavuvi walikuwa wanamwona muda wote. Hakuna aliyewauliza.

Namna ya kumtambua: mtazame nyuma. Akiwa na vifuniko viwili vya ngozi vinavyoziba miguu ya nyuma anapojikunja, ni jamii hiyo. Asipokuwa navyo ni yule mkubwa wa kawaida wa ganda laini. Ukimgeuza unaviona vizuri.

#23 Kaka_Tanga

Si mngemwita kasa?

#24 MwanaPakwach

Kasa ni wa chumvi, kaka. Wa kwetu hajui bahari iko wapi. Kobe wa mtoni inatosha.

#25 Daktari_Feki

Maelezo ya #22 ni dhahabu ila USIMGEUZE. Kobe aliyelazwa chali anahangaika, mapafu yanalemewa, na ndoano bado iko kooni. Mwinue kidogo kwa nyuma au piga picha kwa chini ukiwa umeweka simu mchangani. Picha ya ubavu na ya nyuma zinatosha.

Mayai nayo hivyohivyo, ya mamba na ya kobe. Baada ya kama siku moja kijusi kinajishikiza upande wa juu wa ganda. Ukichukua yai ukalipima, ukalirudisha limepinduka, umeliua bila kulivunja. Linabaki zuri kabisa kwa nje.

#26 Nakku_Ndoo

Mnajiuliza jina langu limetoka wapi. Nikiwa mwanafunzi tulipelekwa msituni kufanya mitego ya shimo. Unafukia ndoo mpaka mdomo ulingane na ardhi, unasimamisha uzio wa karatasi ya plastiki, mjusi akikuta uzio anaufuata, anatumbukia. Asubuhi unampima unamwachia. Kwenye karatasi inaonekana haina dhambi.

Usiku wa tatu ikanyesha. Msimamizi akasema tutakagua saa tatu, njia ina utelezi. Ndoo ya nne ilikuwa na maji nusu na mjusi wa magamba ya kung'aa, yule wa rangi ya shaba, anaelea. Ndoo ya saba haikuwa na maji. Ilikuwa na siafu. Sijui alikuwa nani mle ndani, nilikuta mifupa ya taya tu na kipande cha mkia, na siafu bado wanatembea kwa mstari kama wana zamu.

Tuliandika kwenye daftari: "ndoo ya 7, hakuna kitu."

Tangu hapo najua la kufanya: toboa matundu chini, weka kipande cha sponji na gome la kujificha, kagua alfajiri na jioni, funga mifuniko siku ambayo huna uhakika utafika, na ukiona njia ya siafu hamisha mstari wote. Lakini anayelipia anataka ndoo nyingi, na ndoo nyingi hazikaguliki kwa wakati.

#27 Mama_Kahawa

Pole binti yangu. Hiyo "hakuna kitu" ndiyo imenichoma.

#28 Kinu_cha_Jinja

Mimi nilijaribu ya kisasa. Chatu alikuwa anaingia kwenye shimo la muhanga karibu na shamba la mjomba. Nikaazima kamera ya kufunga mtini, ile inayojipiga yenyewe. Wiki mbili. Picha zaidi ya 2,000. Mbuzi, mbuzi, mjomba akijisaidia, mbuzi. Chatu hata mmoja. Na nyayo... yaani mburuzo wake ulikuwepo asubuhi mbele ya kamera.

#29 Daktari_Feki

Kamera zile zinasubiri vitu viwili kwa pamoja: mwendo NA tofauti ya joto. Mbuzi ana joto lake. Chatu ana joto la mchanga aliolalia, kwa kamera yeye ni sehemu ya ardhi inayosogea. Unaiweka ipige kila dakika moja bila kusubiri chochote, halafu unakaa kupitia picha za nyasi hadi macho yakuume.

Siku hizi pia wanachukua maji tu. Mnyama anaacha DNA majini, kwenye kinyesi, kamasi, damu ya uzazi. Chota chupa, chuja, peleka maabara. Humgusi, humuoni.

#30 MwanaPakwach

Hii ya maji siiamini mtoni. Nile inatembea. Chupa nikiichota hapa Pakwach itakwambia kuna kobe, lakini kobe yuko wapi? Juu huko, maji yamemleta.

#31 Daktari_Feki

Kweli, na jua kali linaiharibu haraka. Na reptilia ana ngozi kavu ya magamba, haachi nyingi kama samaki au chura. Kwa hiyo "hatukupata" haimaanishi "hayupo". Ni ya kusaidia tu, haimalizi kazi.

#32 Kipepeo_Kyotera

Mbona hakuna aliyetaja Musambwa? Visiwa vidogo Sango Bay, huku kwetu Ziwa Victoria, ni eneo la Ramsar (yale maeneo oevu yanayotambuliwa kimataifa) tangu 2006. Shakwe wanataga huko kwa maelfu. Na nyoka wamejaa mawe yale, wavuvi wanaishi nao. Nyoka anaingia kibandani, mtu anasogeza mguu. Kumuua ni mwiko, na mwiko una wenyewe, wazee wa kisiwa. Mwanamke haruhusiwi kulala huko (hilo tulijadili uzi mwingine, tusianze).

Hakuna mtafiti wala ndoo wala DNA. Ukimuuliza mvuvi nyoka mkubwa wa kibanda cha tatu yuko wapi, anakuambia amejivua ngozi lini na kuiacha wapi. Huo si ufuatiliaji?

#33 Nakku_Ndoo

Ni ulinzi mzuri, si hesabu. Mwaka wakipungua nusu nani atajua? Mvuvi atasema "wapo", kwa sababu yule wa kibanda cha tatu yupo.

#34 Kipepeo_Kyotera

Na wewe uliyekuwa na daftari uliandika "hakuna kitu."

#35 Nakku_Ndoo

Hilo nimelistahili.

#36 Mzee_wa_Boti

Polepole vijana.

#37 Kipepeo_Kyotera

Samahani dada Nakku. Zile ngozi walizojivua lakini zinafaa, hata maabara wanazitumia, na hazimuumi mtu. Tungekuwa tunaziokota kwa tarehe tungekuwa na hesabu ya namna fulani.

#38 Shemeji_wa_Arua

Narudi kwenye wizi kwa sababu mmelipita haraka. Mwaka juzi pale stendi nilimwona jamaa na katoni ya sabuni yenye matundu, kaifunga kwa kamba ya katani. Boda akauliza umebeba kuku? Akasema vifaranga. Vifaranga hawakai kimya hivyo. Ilikuwa kimya kama katoni tupu, ila ilikuwa inasogea kidogokidogo yenyewe.

Simu inaandika mahali ndani ya picha. Ukiirusha mtandaoni umerusha na ramani. Zima hiyo kitu kabla hujapiga. Sheria ya wanyamapori ya 2019 inamfunga mtu hadi maisha kwa walio hatarini kutoweka, lakini kwanza akamatwe.

#39 Daktari_Feki

Shemeji uko sahihi, ingawa mwizi wa vinyonga 27 ndani ya wiki tano angeacha alama, kuna watu wanapita njia ile.

Na mimi niseme lisilopendwa. Wakati mwingine lazima umchukue mnyama. Kuna nyoka mdogo wa vichakani toka Kyambura, alipewa jina la kisayansi 1998, na anajulikana kwa kielelezo KIMOJA. Kimoja. Bila kile cha kwenye chupa, leo tusingejua kwamba kuna kitu cha kutafuta. Ukisema usiguse kabisa, unalinda usichokijua.

#40 Nakku_Ndoo

Na kama alikuwa wa mwisho?

#41 Daktari_Feki

Sina jibu la hilo.

#42 Mama_Kahawa

Wanangu, jana tulikuwa na matawi mengine ya kuchoma. Nikawaambia wajukuu wayakung'ute kwanza, tawi moja moja. Wakaniona nimezeeka. Tawi la kama arobaini hivi, akatoka mmoja, mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, mweusi kwa hasira, mdomo wazi. Mjukuu wa kike akampandisha kwenye fimbo akampeleka kwenye ua la lantana.

Mmoja katika matawi arobaini. Msimu uliopita tulichoma malundo mangapi, sijui.

#43 Ggonya_Mkuu

Mama hapo umetuzidi wote na digrii zetu. (Sina digrii.)

#44 Kinu_cha_Jinja

Mjukuu ameoga lakini?

#45 Mwenda_Kilimani

Nimerudi jana usiku. Safari hii nimefuata mafunzo ya uzi huu. Giza totoro, hakuna mbalamwezi. Watu wanne, kwa muda wa saa mbili, nimeandika. Gambuti tumeziosha kwa dawa kabla. Hatukutoka njiani hata hatua moja. Hakuna aliyegusa kitu, tumepiga picha ya ubavu wa kichwa tu, tochi imefifishwa kwa kitambaa chekundu. Na mtoto wa jirani alikuwepo, ni likizo.

Tumepata 14. Kumi na moja ni vya mtoto.

Mmoja alikuwa dume mwenye pembe ya kulia iliyovunjika nchani. Nilimkumbuka, ndiye niliyempima wa tano usiku ule wa kwanza, yumo kwenye daftari: "pembe kulia, fupi." Alikuwa mita kama tatu toka pale nilipomrudisha, juu zaidi, kwenye ncha ya kijitawi.

#46 Daktari_Feki

14 kwa watu wanne kwa saa mbili. Ya kwanza ilichukua saa ngapi?

#47 Mwenda_Kilimani

Wageni ndio wenye rekodi. Tatu au nne, sikumbuki.

#48 Daktari_Feki

Basi hatuwezi kulinganisha 😩

#49 Nakku_Ndoo

Juu zaidi. Nilisema.

#50 Shemeji_wa_Arua

Na waliobaki 17?

#51 Mama_Kahawa

Usiniangalie mimi.

#52 Muuza_Samaki88

Wadau mimi mgeni humu, uzi mtamu sana. Huyo wa pembe iliyovunjika yuko njia gani hasa? Ningependa kuja kumwona na mimi.

#53 Mwenda_Kilimani

Karibu Kasese ndugu. Mlima ni mkubwa.